Lita Sitini za Shukrani

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya heri. Nimeahidi! Tena nimeahidi mbele ya mashahidi, nimesimama, mkono mmoja kifuani, kama impasavyo mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa na ambaye, hata baada ya kustaafu, hajawahi kupewa kipaza sauti akakirudisha upesi.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe ishirini na nane ya mwezi huu mke wangu anaagwa kazini. Miaka thelathini na minne ya ukunga! Nusu ya watoto wa mtaa huu walipokewa na mikono yake kabla hawajapokewa na mama zao. Na katika miaka hiyo yote mimi nilikuwa na mipango. Sungura. Uyoga. Sabuni ya maji iliyokataa kuwa ya maji. Kila mpango ulipoanguka, yeye alivua viatu vya zamu, akauliza tumekula nini, akaosha vyombo. Hajanisuta hata siku moja. Nami sijamshukuru hata siku moja. Si ipasavyo, si kwa kusimama.

Leo basi, kikao cha familia sebuleni. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi bomba: maneno machache, mikono mikubwa. Akasema vinywaji aachiwe yeye, ataleta makreti ya bia kutoka dukani, yaishe. Yaishe! Mkunga huyu aagwe kwa kinywaji kilichopikwa na mtu asiyemjua! Nikasimama. Nikatangaza kwamba hakuna mgeni atakayeinua glasi ambayo mume wa mhusika hakuipika kwa mikono yake. Wageni arobaini. Lita sitini. Na glasi zikiwa mkononi, nitatoa neno la shukrani kwa niaba ya nyumba.

Shemeji akauliza, kwa upole wa kuudhi, nimewahi kupika lita ngapi. Tano, nikajibu. Mara mbili. Akakiri kwamba ile ya pili aliionja, na ilinyweka. (Ilinyweka! Sifa ya maji ya bomba, kutoka kwa mtu wa mabomba.) Kisha akaweka sharti: ikifika saa ya kugonganisha glasi na kila mgeni ana bia yangu mkononi, neno ni langu. La sivyo, makreti ni yake, na neno ni lake. Nikakubali kabla hajamaliza.

Mke wangu akasema yeye angetosheka na soda, na watu wakawahi kwenda makwao. Hatukumsikiliza. Tulikuwa tunajadili heshima yake.


Jumanne, 3 Juni

Hesabu kutwa.

Njia yangu ni ya mfuko, na uzuri wake ni wepesi wake. Unapasha maji sufuriani. Unatandika ndani yake mfuko wa kitambaa cha pazia jepesi, unamimina humo kimea cha shayiri kilichosagwa, unafunika saa nzima. Kisha unanyanyua mfuko, makapi yote yanatoka nao, nawe unabaki na maji matamu. Hayo ndiyo unayoyachemsha na maua machungu ya hopsi, ukayapoza, ukatia hamira, ukasubiri. Ni kama chai ya kifuko, ila chai haimsubirishi mtu wiki tatu.

Tano mara kumi na mbili ni sitini. Hivyo basi, kila kitu mara kumi na mbili! Kimea, kilo moja na robo, kiwe kilo kumi na tano. Maji vivyo hivyo. Hopsi vivyo hivyo. Nimeiandika orodha kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani jikoni, juu ya kalenda ya zamu.

Mke wangu alirudi kutoka kazini saa kumi, akaisoma huku amesimama, miwani puani. Akauliza kwa nini bia itachemshwa saa kumi na mbili mfululizo. Nikamweleza: lita tano huchemshwa saa moja. Mara kumi na mbili.

“Mwalimu,” akasema, “mama akibeba mapacha, mimba haiwi ya miezi kumi na minane.”

Nikafuta.

Hekima ya namna hii imekaa ndani ya nyumba yangu miaka yote, inapika na kufua, nami naitafuta vitabuni! Nimeandika kanuni kwa wino mwekundu: muda hauzidishwi, vingine vyote huzidishwa.

Kwa kanuni hiyo nimemwandikia barua fundi cherehani wa pale kona. Mfuko wangu wa sasa una upana wa sentimita thelathini na tano na kina cha arobaini na tano. Nimemwagiza mpya: upana mita nne na sentimita ishirini, kina mita tano na sentimita arobaini. Nimeandika kwa mwandiko wa ubaoni, nikatia saini na tarehe, ili asije akakosea.


Alhamisi, 5 Juni

Fundi cherehani hakukosea.

Alikuja saa tano asubuhi na mzigo kichwani, mwingine kwapani, nikadhani ni miwili. Ulikuwa mmoja. Akaomba tuusogeze mzigo sebuleni maana kibarazani hautakunjuka. Tukakunjua. Ukafunika kochi. Ukafunika meza na kitabu changu juu yake. Ukafika mlango wa jikoni na kuendelea, na kutoka chini yake ikasikika sauti ya shemeji, aliyekuwa amelala chali akitengeneza bomba la sinki, ikiuliza nani amezima mchana.

Fundi cherehani alieleza kwamba amemaliza jora zima la kitambaa, kwamba alitaka kuja kuniuliza, ila aliona saini. Mwanamke mwenye heshima. Mimi nilimfundisha darasa la nne. Anasema nilipokuwa ubaoni hakuna aliyeruhusiwa kuuliza, basi hakuuliza. Mwalimu akiandika, yeye anashona.

Shemeji akajitoa chini ya kitambaa. Akautembelea mfuko kutoka pembe hadi pembe, polepole, kama mnunuzi wa kiwanja. “Shemeji,” akasema, “humu unapika bia, au unatupika na sisi?”

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kukiri kwamba mfuko haujui kuzidishwa pande zote mbili. Ya pili ndiyo niliyoifuata. Nilisema, kwa utulivu, kwamba huo ndio mfuko hasa niliouagiza. Kwamba kimea kinahitaji nafasi ya kupumua. Na kwamba nafasi ya ziada haiozi. Msemo wa wahenga. Nimeutunga pale pale.

Namshukuru sana fundi cherehani. Mishono miwili miwili, kila upande! Kwa kazi kama ile mtu hana sababu ya kuomba ipunguzwe, hasa shemeji akiwa bado ndani ya nyumba.


Jumamosi, 7 Juni

Siku ya kupika. Niandike kwa utaratibu, maana mambo yenyewe hayakuwa na utaratibu.

Saa mbili: jiko la gesi kibarazani, nyuma ya nyumba. Sufuria la lita mia, nimeliazima kwa mpishi wa sherehe. Kamba imepitishwa juu ya boriti, mita tatu kutoka sakafuni. Mfuko nimeukusanya ndani ya sufuria mkunjo juu ya mkunjo. Nusu ya nafasi ikajaa kitambaa, na maji mengine yakalazimika kusubiri ndooni. Hata hivyo kipimajoto kilisoma sitini na sita. Nikamimina kimea. Harufu! Kama mkate ulioanza kufikiria. Nikalifunga sufuria kwa blanketi letu la kitandani ili joto lisitoroke, nikaketi, nikajiona mtu mkamilifu.

Mke wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Aliketi upande wa pili na gazeti, miguu juu ya stuli. Shemeji akatokea. Alikuwa anapita tu, alisema. Anaishi upande mwingine wa mji.

Saa ilipotimia, nikafunga kamba kwenye mdomo wa mfuko. Tukavuta, shemeji na mimi. Mfuko ukapanda! Mweupe, mrefu, unatoa mvuke, unapanda kwa fahari kama bendera ya nchi iliyopata uhuru asubuhi ile. Ukafika kwenye boriti. Ukagota.

Chini, makapi hayajatikisika.

Shemeji akatazama juu. Akatazama chini. “Shemeji,” akasema, “paa limeisha.”

Mita tano na nusu za mfuko, mita tatu za paa. Nikawaza haraka. Nikapendekeza tung'oe bati moja. Shemeji akasema tukitoka kwenye bati tutahitaji mti, na baada ya mti, mnara wa simu, na yeye hana kibali cha mnara. Dakika zinakwenda. Nilikuwa nimeshawasha moto wa kuchemshia, kwa kujiamini. Na makapi yakiachwa kwenye moto unaopanda hutoa ukakasi unaokausha ulimi. Nikaona lita zangu zikiharibika. Nikaliona neno langu la shukrani mdomoni mwa shemeji.

Mke wangu akakunja gazeti. Akazima moto. Akanawa mikono hadi viwikoni, kwa mazoea, mara mbili. Akaomba mkasi na kamba nyembamba. Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani. Nadhani ni ya kazini. Hata shemeji alisimama wima.

Akaukamata mfuko pale makapi yanapoishia, akausokota, akafunga fundo. Akapima upana wa kiganja, akafunga fundo la pili. Akakata katikati. Mita nne za kitambaa zikapaa kwenye boriti, nyepesi, huru, hazina kazi tena duniani. Kisha akaishusha ile kamba ya boriti, akaifunga chini ya fundo la chini.

“Mdogo wangu, shika hapa. Usivute kwa hasira. Nikisema polepole, ni polepole. Mwalimu, wewe toka hapo mbele ya miguu. Haya... bado... bado... sasa!”

Ukatoka! Kilo thelathini na zaidi, unafuka kwa joto, unamwagika kila upande. Tukauacha uning'inie juu ya sufuria, udondoke.

“Dada,” shemeji akauliza, anahema, “mtoto gani?”

“Wa Mwalimu,” akajibu. “Kichwa kikubwa, na anavuja.”

Walicheka mpaka shemeji akakaa chini. Huyu mwanamke! Nikaona kwamba lazima jambo lisemwe, na lisemwe pale pale, wakati chuma kingali cha moto. Nikawasha jiko upya, nikasimama kando ya sufuria, nikaanza kuwashukuru wote wawili. Kwanza, nikasema, nishukuru kwa ujumla. Nikafanya hivyo. Pili, nikasema, nishukuru kwa uchambuzi. Nilikuwa nimeinua kidole cha uchambuzi ndipo niliposikia viatu vyangu vimelowa.

Povu! Maji ya kimea yanapoanza kuchemka huinuka kama maziwa, na anayeyapika hapaswi kugeuka. Nilikuwa nimegeuka kuelekea hadhira. Lita nyingi zilitembea kibarazani, zikashuka ngazi, zikaingia kwenye maua ya jirani. Shemeji akaufikia ufunguo wa gesi kabla yangu.

Saa moja ya kuchemsha na hopsi, halafu kupoza. Lita tano hupozwa kwenye sinki. Sufuria la lita mia haliingii kwenye sinki. Hilo sikuliandika popote. Shemeji akaenda kwenye gari lake, akarudi na kipande kirefu cha bomba jembamba la shaba, akakizungusha kwenye ndoo mpaka kikawa kama springi, akakitumbukiza sufuriani, akapitisha ndani yake maji ya baridi ya mpira. Nusu saa! Hakusema neno. Ningependa angesema, ingekuwa rahisi kumchukia.

Mapipa mawili, hamira ndani, vifuniko juu. Jumla: lita arobaini. Kitambaa kimekunywa, ngazi zimekunywa, maua ya jirani yamekunywa. Lakini wageni ni arobaini! Lita moja kwa kila kichwa. Mola ni mwema, na hesabu yake ni safi kuliko yangu.


Jumapili, 8 Juni

Mgongo.

Pipa la kwanza linatoa mapovu kwenye kimrija cha kifuniko: blup, blup. La pili, kimya. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Mke wangu akitoka kwenda zamu aliweka kiganja juu ya pipa, akainamisha kichwa, akasema lipo hai, limelala tu, nisilisumbue. Saa nane mchana: blup! Nilipiga makofi peke yangu.


Jumatano, 11 Juni

Nimeanza kuandika neno la shukrani. Kurasa tatu. Nipo kwenye utangulizi.


Jumamosi, 21 Juni

Kutia chupani. Mke wangu alitaka kwanza kuona mikono yangu. Pande zote mbili. Halafu kucha. Alisema amepokea maelfu na hakuna aliyepata maambukizi kutoka kwake, na hataki rekodi hiyo ivunjwe na bia wiki moja kabla ya kustaafu. Tulichemsha chupa, vizibo, mpira, faneli, hata kijiko cha sukari. Alitaka kunichemsha na mimi.

Tukatia. Yeye akishika mpira, mimi nikigonga vizibo, redio ikiimba taratibu jikoni. Hatukuzungumza sana. Nilihesabu kwamba ni mara ya kwanza kwa miaka mingi tumefanya kazi moja mezani, ubavu kwa ubavu, wala hakuna aliyekuwa anachungulia saa. Nilitaka kulisema hilo. Nikaona ni zuri mno kusemwa hivi hivi. Nimelihifadhi, ukurasa wa kumi na moja.

Chupa sabini na sita za nusu lita. Tulionja mabaki ya chini ya pipa, bado hayana gesi. Tamu kwanza, chungu baadaye, safi. Mke wangu alifumba macho, akameza, akasema: “Eh. Mwalimu!” Maneno mawili. Nimepewa vyeti vyenye maneno mengi zaidi, na hakuna kilichonitoa machozi.


Ijumaa, 27 Juni

Zamu ya mwisho ya mke wangu imekwisha. Amerudi na maua, na kikombe, na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Ameviweka mlangoni pa chumba, akavitazama.

Na sasa usaliti! Shemeji alikuja na pikapu kuleta viti vya kesho. Nikainua turubai ili nisaidie kushusha. Chini ya viti: makreti! Makreti sita, ya dukani, yamepangwa kwa siri kama marehemu wa heshima. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema ni ya akiba. Akiba ya nini, nikauliza, ilhali chupa sabini na sita zimelala baridi chumba cha nyuma? Akasema, shemeji, bia yako naiamini. Ninayoiogopa ni hotuba yako.

Wivu hauna dawa. Neno limefika kurasa kumi na saba, nalo limesukwa vizuri mno. Kila ukurasa unaegemea mwenzake. Hakuna pa kukata.


Jumamosi, 28 Juni. Jioni, wageni wameondoka

Naandika polepole.

Saa tisa alasiri uwanja wa nyuma ulijaa. Wakunga, wauguzi, dereva wa gari la wagonjwa, majirani, akina mama wenye watoto waliopokewa na mke wangu na watoto wa watoto hao. Yeye kavaa gauni la buluu. Saa tisa na nusu tukagawa: kila mgeni glasi yake, bia yangu, rangi ya asali, povu la vidole viwili! Matroni wa wodi, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, ndiye aliyesimamia shughuli. Aliionja kwa siri, akaniita kando, akaniambia kwamba kama ingekuwa dawa angemwandikia kila mgonjwa. Shemeji akahesabu glasi kwa macho. Arobaini. Akanipa mkono. Sharti limetimia. Neno langu!

Nikasimama. Nikawaomba wageni wasinywe bado, tutagonganisha glasi mwishoni.

Nikaanza na shayiri. Ilikuwa lazima, mtu hawezi kushukuru kwa kinywaji bila kueleza binadamu wa kwanza aliyeacha nafaka mvuani na asikasirike. Ukurasa wa nne, nilimwona dereva wa gari la wagonjwa akinywa kidogo, mgongo amenigeuzia. Nikamsamehe. Jua lilikuwa kali. Ukurasa wa sita, safu yote ya wauguzi. Ukurasa wa nane nilikuwa kwenye asili ya ukunga, na glasi zote zilikuwa tupu. Matroni akaashiria zijazwe tena, kimya kimya, ili nisikatizwe. Nikalichukulia kama heshima. Ukurasa wa kumi na moja niliruka mstari kwa hisia. Ukurasa wa kumi na tatu nilisikia, kutoka chumba cha nyuma, sauti ya chupa tupu zikirudishwa kwenye kreti. Sabini na sita. Zimekwisha.

Ukurasa wa kumi na sita ndio wenye neno “asante.” Niliupanga pale kwa makusudi, kilele kiwe kilele. Nikainua mkono. Nikasema: basi sasa, tuinue glasi zetu...

Watu arobaini wakainua glasi arobaini. Tupu. Mtoto mmoja akainua soda.

Shemeji akasimama bila kuharakisha. Makreti yalikuwa tayari chini ya meza. Dakika mbili, kila mtu ana kitu mkononi. Matroni akamtazama, maana sharti lilijulikana na wote. Na shemeji, mwenye haki yote ya kuzungumza, akamgeukia mke wangu, akasema:

“Dada, asante. Umetubeba.”

Akaketi.

Makofi! Akina mama walilia. Mke wangu alifunika uso kwa viganja. Na mimi nilisimama palepale, kurasa mkononi, nikatambua kwamba nimezungumza dakika hamsini kuhusu shukrani bila kumshukuru.

Niliingia jikoni. Nilikuta pale juu ya meza chupa moja, imefunikwa kwa sahani, na nyuma yangu mlango ukafunguka. Alikuwa yeye. Akasema ameificha tangu asubuhi, maana anamjua mume wake, na anajua koo la mume wake. Akamimina glasi moja. Akanipa. Nikairudisha kwake. Akanipa tena.

Nikaziweka kurasa mezani. Nikasema: “Asante.” Basi. Nikaongeza: “Kwa zamu zote.”

Akasema alikuwa anajua. Akasema nyumba hii haikuwahi kumchosha; wodi ilimchosha, nyumba ilimchekesha. Akasema sungura walikuwa wazuri.

Nikaona sasa mlango umefunguka, nikavuta pumzi, nikasema kwamba kuhusu hilo la sungura kuna mambo matatu ya msingi. Akaniwekea glasi mdomoni. Tukainywa hivyo, kwa zamu, yeye na mimi, tumesimama kati ya sufuria chafu, hadi matroni alipokuja kuuliza kama kuna mtu ndani.

Nimwandikie shemeji barua ya kumshukuru. Fupi.


Jumatatu, 30 Juni

Barua ya shemeji imefika ukurasa wa tano. Nimefika kwenye bomba la shaba.

Lakini kuna habari kubwa zaidi! Matroni alipita asubuhi kuchukua vyombo vyake. Akasifu tena ile bia. Akauliza, kwa haya, kama ningeweza kumpikia kidogo kwa siku yake ya kuzaliwa mwezi wa nane. Nikauliza kidogo kiasi gani. Akasema lita tano zinamtosha kabisa. Watakuwa yeye na dada zake wawili.

Lita tano! Mwanamke aliyeongoza wodi ambayo mke wangu aliifanyia kazi, nimpe lita tano, kama dawa ya kikohozi! Nikasimama. Nikamwambia kwamba shukrani ya kweli haipimwi kwa kikombe. Kwamba wodi moja ni wodi zote. Kwamba katika siku hiyo hospitali nzima, kuanzia mapokezi hadi jengo la kufulia, itainua glasi ya mkono wangu. Lita mia tatu. Matroni alisema si lazima. Alilisema hilo mara nne, kwa unyenyekevu unaostahili sifa, akaondoka bila vyombo vyake.

Mia tatu gawanya kwa tano ni sitini. Hesabu haina hata sehemu! Nimekwisha bandika karatasi mpya ukutani, na nimeanza kwa kila kitu mara sitini, tutasahihisha mbele ya safari. Lipo tangi la maji juu ya nyumba ya shemeji, halijai hata nusu. Sijamwambia. Litakuwa jambo la kumshtua kwa furaha.

Hii ni siku ya kwanza ya juma ambayo mke wangu hana zamu. Ameamka saa mbili, amekunywa chai yote bila kutazama ukuta, kisha akautazama ukuta. Aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini. Hakupinga hata mstari mmoja. Aliuliza jambo moja tu: siku ya kupika ni tarehe ngapi. Nikamwambia. Akaiandika kwenye kiganja chake, akavaa viatu vyake vya kazi, na sasa hivi ametoka kwenda hospitali kuomba wampangie zamu siku hiyo, ya kutwa.

Amestaafu juzi tu, na bado anahangaika kwa ajili yangu! Bila shaka amekwenda kuwaandaa wenzake kwa habari njema. Nimebarikiwa mke.